Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kasongo, tarehe 7 mwezi wa pili 1955

Mwalimu Zéphirin,

Salamu sikuletei. Mutu anatuma salamu kwa yule anayemutakia mema, na mimi leo sikutakii.

Buku yako imefika. Kasimu, shemeji yangu, aliitoa dukani kwa Mugiriki, akaifungua barazani kwetu Ijumaa baada ya swala. Baraza yetu unaijua, ulikaa pale siku tisa na kaye zako, madaftari yale, juu ya magoti, baba akisema na wewe ukiandika. Nilikuwa nimewaambia majirani wote: habari za marehemu baba zinatoka katika buku, tena si buku ya darasani wala ya kanisani, ni buku ya mutu yeyote, ya muuza chumvi na ya mulima pamba, ya kusoma nyumbani miguu ikiwa imenyooshwa. Maneno hayo ni yako. Nilipika wali kwa ajili ya siku ile.

Kasimu anasoma vizuri. Alisoma habari za misafara na za pembe, watu wakacheka pa kucheka. Alipofika ukurasa wa arobaini na moja akaishusha buku magotini. Nikamuambia, "Soma." Akasema, "Shemeji, macho yamechoka." Nikamunyang'anya, nikasoma mimi mwenyewe kwa sauti, maana mume wangu alinifundisha herufi za Kizungu kabla hajafa:

"Katika wakamata-watumwa wa Kasongo, mmoja aitwaye Abdallah alikuwa mkali kuliko wote. Ndiye aliyechoma kijiji cha Lusangi na kuwauza watoto wa watu."

Nilisoma mara mbili, nikifikiri ni Abdallah mwingine. Chini yake mumeandika: "Alikufa mzee sana, akazikwa Lusangi." Hakuna mwingine.

Zéphirin, baba yangu alikuwa mutoto wa miaka sita siku Lusangi ilipoungua. Hakuuza mutu siku ile. Aliuzwa. Alikuambia alivyofungwa kamba ya kiunoni, alivyotembea mpaka Kasongo, alivyopewa jina jipya kama mutu anavyopewa kanzu. Nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia, nilisikia kila neno, na niliona mukono wako ukiandika. Alipoona kifo kinakaribia akaenda Lusangi mwenyewe kwa kamyo, akaomba kipande cha udongo, akafia huko. Hakugombana na mutu. Alisema, "Buku itasema. Mimi nimechoka."

Sasa buku imesema. Wali wangu hakuna aliyeula.

Nijibu neno moja tu: nani aliandika hivyo?

Subira binti Abdallah


Kabambare, tarehe 20 Februari 1955

Kwa Mama Subira mpendwa,

Salamu nyingi katika jina la Mungu wetu sote. Nimeipokea barua yako kwa uchungu mkubwa. Nakuomba unisikilize kwa utulivu, kama mama anavyomsikiliza mwanawe.

Mimi niliandika kaye sita. Mupe Hippolyte, yule padri anayesimamia uchapishaji pale misheni Kasongo, alinirudishia akisema ni ndefu mno. Aliniambia: "Zéphirin, unawaandikia watu wa kawaida. Mtu wa kawaida amerudi shambani, amechoka, ana taa ndogo. Hataki mambo yenye pande tatu. Mpe mtu mwovu mmoja na mtu mwema mmoja, naye atasoma mpaka mwisho." Basi mengi yalikatwa. Mengine yalibadilishwa huko huko, na mimi nikaona kitabu kikiwa kimekwisha kuchapwa. Unajua jinsi mtu mweusi anavyokuwa mbele ya padri. Jina langu liko juu ya jalada, lakini kalamu ya mwisho haikuwa yangu.

Mama, nakusihi usilifanye jambo hili kuwa kubwa. Huko Lusangi watu hawasomi vitabu. Hakuna madhara yatakayotokea. Watakapochapa mara ya pili nitaomba jina Abdallah liondolewe.

Nasalimu nyumba nzima. Mwambie Kasimu nimemkumbuka.

Wako katika heshima,
Zéphirin, mwalimu


Kasongo, tarehe 14 mwezi wa tatu

Zéphirin,

Unaniandikia Kiswahili cha misheni, kimepigwa pasi kama shati la karani. Ngoja nikujibu kwa cha nyumbani.

Umesema Lusangi hawasomi. Wamesoma. Monitere wao aliisoma buku darasani siku tatu, watoto wakaipeleka nyumbani kwa midomo. Siku ya nne vijana walikwenda kwenye kaburi la baba yangu. Waliondoa mawe yote wakayatupa mutoni. Waling'oa ule mubao wenye jina. Wakatuma neno kwa dereva wa kamyo: waambieni watu wa Kasongo waje kuchukua mifupa ya muuaji wao, sivyo tutaichimbua sisi.

Kasimu alikwenda. Nilimukataza, akaenda. Alisimama juu ya kaburi akasema, "Huyu ni mutoto wenu." Wakamucheka. Mumoja akamupiga jiwe hapa juu ya jicho, pengine jiwe lile lile la kaburi. Amerudi na kichwa kimefungwa kitambaa, na jicho halioni vizuri. Hayo ndiyo madhara ambayo hayatatokea.

Sasa sikiliza lingine. Nilikwenda misheni. Mimi, mwanamuke wa Kiislamu, nilisimama kwenye muryango wa Mupe Hippolyte tangu kengele ya asubuhi mpaka akatoka. Hakunikaribisha kukaa. Nikamuambia, "Umemuua baba yangu mara ya pili." Alikasirika, uso ukawa mwekundu. Akasema, "Mama, mimi nimetoa kurasa. Nimetoa habari za utomvu wa mupira na za fimbo, na watu waliokatwa mikono wakati wa Leta, Serikali ya kwanza ya Wazungu, kwa sababu Serikali ya leo isingekubali. Hilo nalijibu mimi mbele ya Mungu. Lakini sikuongeza hata neno." Akaingia ndani, akarudi na kaye yako, akanifungulia.

Ni mukono wako, Zéphirin. Ile g yako yenye mukia mrefu naijua. "Mukali kuliko wote" ni mukono wako. "Ndiye aliyechoma" ni mukono wako. Mupe hakufuta na hakuandika kitu pale.

Ulinidanganya kwa heshima nyingi. Sitaki heshima. Nataka kujua kwa nini.

Subira


Kabambare, 2 Aprili 1955

Mama Subira,

Kwa kuwa unataka ukweli, chukua. Baba yako hakuwa malaika. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na nane alibeba bunduki ya bwana wake. Alitembea na misafara. Aliniambia mwenyewe kwamba alifunga watu kamba kama alivyofungwa yeye. Je, hao hawakuwa na mama? Mnakaa Kasongo na kanzu nyeupe na chai ya tangawizi, mkitaka sisi washenzi wa vijijini tuwalilie ninyi. Bibi zetu waliochukuliwa, nani aliwaandikia kitabu?

Nimeandika kwamba walikuwepo wakamata-watumwa. Walikuwepo. Jina moja au jingine, kwa msomaji ni mamoja.

Nina darasa la watoto hamsini na tano na kazi nyingi. Usiniandikie tena.

Zéphirin


Kasongo, tarehe 18 mwezi wa ine

Nitakuandikia mpaka wino wa Kasongo uishe.

Ndiyo, alibeba bunduki. Nani alikuficha hilo? Alikuambia siku ya saba, akalia, mutu wa miaka themanini na zaidi analia mbele ya kijana. Ulitaka kuruka neno lile kwa adabu, nami nikasema nyuma ya pazia, "Andika, Mwalimu, asiachwe kitu." Mimi ndiye nilikuambia. Kama ungeandika yote, alivyouzwa na alivyowafunga wengine, ningeisoma barazani vilevile, kichwa chini, lakini ningeisoma. Bibi zako ningewalilia. Hukuandika bibi zako. Uliandika uongo ukaufunika kwa bibi zako.

Na sasa najua kwa nini.

Kasimu alipokuwa Lusangi, kabla ya lile jiwe, alisikia vijana wakijisifu: "Buku hii imeandikwa na mutoto wetu, mupwa wa shefu wetu Grégoire, mujukuu wa Kalonda." Aliniambia juzi tu, homa ilipomuachia. Kalonda! Nilikaa chini kwenye majivu ya jikoni.

Baba alitaja jina lile siku ya tisa. Alisema moto haukuletwa na watu wa Kasongo peke yao, waliitwa. Kalonda alikuwa na ugomvi na kijiji cha ng'ambo ya muto, akataka bunduki, na bunduki hazitolewi bure. Akatoa watoto wanane. Mumoja alikuwa mutoto wa dada yake mwenyewe, tumbo moja. Huyo ndiye baba yangu. Mujomba wake alimushika mukono akampeleka, akamuambia wanakwenda kuona ngoma. Na wale waliokuja na bunduki wakaiona Lusangi yenyewe ina mali, wakaipora na kuichoma nayo.

Nakumbuka kalamu yako ilisimama pale. Nilifikiri wino umekwisha, nikatoka nikakuletea wino mwingine. Ukasema, "Asante, Mama." Ukaendelea kuandika. Ukala chakula cha jioni kwetu. Ulikuwa umejua tayari kwamba mutu aliye mbele yako ni mupwa wa baba wa mama yako kwa damu, na kwamba mimi ni dada yako, na hukusema kitu. Ulirudi Kabambare, ukachukua dhambi ya babu yako ukaivika jina la yule aliyeuzwa. Hata mwizi hamuvalishi mwenye nyumba nguo za wizi.

Usiniite Mama tena. Niite dada, ujisikie.

Nenda Lusangi na kaye ya siku ya tisa. Soma mbele ya watu. Usipokwenda wewe, nitakwenda mimi, wanipige mawe na mimi, nawe uandike buku nyingine.

Subira, mujukuu wa dada yake Kalonda


Kabambare, tarehe 30 mwezi wa tano

Dada,

Nimeandika barua hii mara ine nikachana. Nitaandika kama ninavyosema.

Ni kweli yote. Siku ile ya tisa nilitaka ardhi inimeze. Nilimupenda muzee. Usiku ule sikulala, nikajiambia nitaandika kila kitu. Lakini nilikuwa nimeomba karte ya evolue, ile ya mutu mweusi aliyehesabiwa kuwa ameendelea kama Muzungu, na watu wa komisyo walikuwa wanapita kuuliza juu ya ukoo wangu, nyumba yangu, hata vijiko vyangu. Na Shefu Grégoire, kaka ya mama yangu, ndiye aliyenipeleka masomo. Kila mara anawaambia Wazungu kwamba Kalonda, baba yake, alipigana na wakamata-watumwa. Ndiyo sababu walimupa medali. Nikawaza: nikitaja Kalonda, medali inaanguka, shefu anaanguka, na mimi chini yao. Muzee Abdallah alikuwa amekwisha kufa. Nikasema moyoni, mufu hasomi. Unaona nilivyo.

Barua yako ilifika nikiwa darasani. Nilikaa nayo wiki nzima. Niliacha kula na watu. Halafu nikachukua kamyo.

Nilifika Lusangi Jumamosi. Jumapili baada ya misa watu walipotoka, nikasimama kwenye ngazi nikasema, "Ile buku muliyosomewa, niliandika uongo. Sasa nitawasomea kweli." Walifikiri ni muchezo, wakakaa. Nikasoma kaye ya siku ya tisa tangu mwanzo. Nilipofika kwenye ngoma, sikuruka neno.

Mujomba alikuwa mbele, na medali kifuani. Akasimama. "Nani alikupeleka masomo?"

Nikasema, "Wewe, mujomba."

"Nani alikuvalisha viatu?"

"Wewe."

"Basi vivue."

Nikavivua pale pale. Akachukua kaye akaipasua katikati. Vijana wakanishika, mumoja akanipiga teke, wengine wakapiga kelele kwamba Waislamu wamenilisha kitu. Nilifikiri nitafia pale, na nakuambia kweli, sikujuta.

Kukatoka sauti nyuma. Ni bibi mumoja, Emilienne, hata kanisani anabebwa. Akasema kwa Kibangubangu, polepole, watu wote wakageuka, maana alikuwa hajaongea siku nyingi: "Mumuache. Mutoto yule alikuwa anaitwa Lukamba. Mama yangu alikuwa jirani ya mama yake." Akasema mama ya Lukamba alikaa kando ya njia ya Kasongo kiangazi chote, akimuuliza kila mupagazi. Na kwamba hakuongea tena na kaka yake Kalonda mpaka siku ya kufa, hata alipomuletea nyama. "Sote tulijua," akasema. "Wazee walituambia tufunge midomo. Munataka kumuchimbua nani, ninyi? Munachimbua mutoto aliyerudi nyumbani."

Vijana waliniachilia. Hakuna aliyeomba musamaha. Wakatawanyika mumoja mumoja. Lakini jioni niliona wawili wako mutoni, maji yamefika kiunoni, wanatafuta mawe.

Sasa ya hapa. Mujomba ameandika kwa Wazungu. Niliitwa misheni, Mupe Hippolyte hakunifokea, alisema tu kwamba nimeleta fujo na mwalimu mwingine anakuja Jumatatu. Ile karte wamerudisha barua zangu bila neno. Naishi kwa dada yangu Pascaline, ninalima naye mihogo.

Sikuombi kitu.

Zéphirin


Lusangi, tarehe 19 mwezi wa sita

Ndugu yangu Zéphirin,

Nimeandika "ndugu" kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nimepoa.

Niko hapa siku ya tano. Nimemuona Bibi Emilienne. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaniita kwa jina la mama ya baba, jina ambalo baba mwenyewe alikuwa amelisahau. Sitaliandika hapa. Ni langu.

Mawe yamerudi, si yote. Kasimu amechonga mubao mupya, jicho lake linamusumbua lakini amechonga. Tumeandika Abdallah, na chini yake Lukamba.

Shefu Grégoire hakuja. Alituma mbuzi, beberu mweupe, na maneno matamu: tuchinje, tule pamoja, tusahau, damu ni damu. Watu wakafurahi, wakaanza kutafuta kuni. Mimi nikashika kamba ya mbuzi nikamurudisha mwenyewe mpaka kwenye boma lake. Nikamuambia mutumishi wake, "Mwambie bwana wako, mbuzi analiwa siku moja akaisha. Buku ya uongo inasomwa kila siku. Nataka karatasi." Wazee walinung'unika kwamba nimekataa amani. Hivi ndivyo wanavyoita amani, Zéphirin: yule aliyeumizwa ashibe haraka.

Nimeandika karatasi. Maneno ni machache: "Kalonda wa Lusangi aliwatoa watoto wanane kwa bunduki. Mumoja aliitwa Lukamba, mutoto wa dada yake. Huyo ndiye Abdallah wa ukurasa wa 41. Hakuchoma Lusangi." Na nimeongeza lile la bunduki aliyobeba baadaye, na watu aliowafunga, kwa sababu alitaka liandikwe. Nataka shefu atie kidole chake chini yake. Mimi hatanipokea, mimi ni mwanamuke wa Kasongo. Wewe ni mupwa wake. Njoo umupelekee.

Subira


Kabambare, tarehe 3 mwezi wa saba

Dada,

Nilipita Lusangi wewe ukiwa umekwisha kuondoka, Kasimu akanipa karatasi.

Nilimukuta mujomba amekaa peke yake barazani, hakuvaa medali. Nikamusomea. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitazamia. Akauliza, "Nikitia kidole, watoto wangu watakuwa nani?" Nikamuambia, "Watakuwa watoto wa mutu aliyesema kweli." Akatazama dole gumba lake muda mrefu. Halafu akaficha mukono ndani ya shuka, akasema, "Nenda zako."

Hakutia. Atakufa nalo.

Nimetia jina langu. Si Zéphirin mwalimu. Nimeandika: Zéphirin, mujukuu wa Kalonda, aliyeandika uongo ule na anayeufuta.

Halafu nikafanya hivi, utaniambia kama ni wazimu. Nimenakili karatasi ile kwa mukono, ndogo, ya kutosha ukurasa. Pascaline ananipikia gundi ya unga wa muhogo. Ninakwenda nyumba kwa nyumba kwa miguu, nauliza, "Muko na ile buku?" Ninaibandika juu ya ukurasa wa 41. Wengine wanakubali. Monitere wa Lusangi alileta zake tatu mwenyewe, hakunitazama usoni. Karani mumoja alinifukuza na mbwa. Mpaka leo nimebandika kumi na saba. Mupe alichapa mia ine.

Zéphirin


Kasongo, tarehe 15 mwezi wa saba

Zéphirin,

Sijakusamehe. Nimejaribu juzi baada ya swala, nikaona musamaha hauko, na sitakuambia uko.

Lakini Kasongo kuna vitabu mia na zaidi, kwa Mugiriki, kwa makarani, masomoni, hata kwa imamu mudogo. Nyumba zote nazijua na mbwa wote wananijua. Nimekwisha kuloweka mihogo ya gundi. Mukono wangu ni mubaya kwa herufi ndogo, wako ni muzuri, hilo sikatai.

Niletee karatasi. Lete nyingi.

Subira